Kigari cha Magurudumu Matatu na Babu Wawili

Jumatatu, 4 Machi

Leo Mheshimiwa amenishika kidole. Amekishika kama abiria aliyeona kona mbaya inakuja. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwa binti yangu, kikombe cha chai mkono wa pili, na nikashindwa kunywa kwa sababu sikuthubutu kujisogeza. Chai imepoa. Na ipoe! Mtu ana miezi minne, hana jino, hana kazi, na mtu mzima kama mimi nakaa kimya mbele yake kama niko ofisini kwa mkuu.

Sasa jambo lenyewe. Jumatatu ijayo binti yangu anarudi kazini. Mumewe yuko zamu ya asubuhi. Mke wangu ana duka lake la vitambaa. Kwa hiyo mpaka mchana mjukuu anahitaji mtu, na watu wenye nafasi tupo wawili. Wa kwanza ni mimi, mwalimu wa udereva, mtu wa barabara. Wa pili ni babu wa upande ule mwingine, baba wa mkwe wangu, dereva mstaafu wa treni, ambaye moyoni namwita Bwana Reli.

Mimi nilishajipanga. Wanafunzi wangu wote wa asubuhi nimewahamishia alasiri, wengine kwa kubembeleza, mmoja kwa vitisho. Nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe na Bwana Reli, aliyekaa kochi la pili, kajipanga. Yeye hakuhitaji kumhamisha mtu yeyote. Alistaafu tu.

Binti yangu akatutazama kama mtu aliyebakiziwa nyanya mbili sokoni, zote zimebonyea. Akasema Mheshimiwa halali asubuhi mpaka atembezwe, na asipolala hakuna anayeishi kwa amani. Njia tunaijua: kokoto, mashimo, kidaraja cha mbao juu ya mtaro, ndipo ufike kwetu au kwao. Kigari cha kumsukumia hana. Basi kila babu akachague kigari anachoona kinafaa, alete Jumapili. Atakayemvusha kidaraja akiwa usingizini ndiye atakayekaa naye asubuhi.

Haki tupu. Na mshindi ni mimi. Mtu aliyeendesha treni maisha yake yote hajapata kukata kona hata moja kwa hiari yake.

Jumanne, 5 Machi

Duka la vitu vya watoto. Nilitegemea kukuta vigari viwili vitatu vimesukumwa ukutani. Nimekuta jeshi! Vimejipanga safu kwa safu, vifuniko vimeinuliwa, vinanitazama. Nikavua kofia. Sijui kwa nini.

Halafu nikakiona. Kilikuwa kimesimama peke yake karibu na dirisha. Magurudumu mawili makubwa nyuma, moja mbele, yote ya kujaza upepo kama ya baiskeli. Nikakigusa kwa kidole. Kikaondoka! Kidole kimoja tu, nacho kikaondoka bila sauti, kikafika kwenye rafu ya chupa za maziwa, kikageuka chenyewe kana kwamba kimeziona. Nimefundisha watu udereva tangu nina nywele. Sijapata mwanafunzi anayegeuka hivyo.

Muuzaji, dada mpole sana, akanieleza. Hivi vya magurudumu matatu navyo viko aina aina. Kuna vya magurudumu ya plastiki, hivyo ni vya sakafu nzuri. Kuna vya raba ngumu. Na hivi vya upepo ni vya njia mbovu. Akauliza umri wa mtoto, maana ambaye hajaweza kukaa lazima alazwe chali. Akavuta kamba, kiti kikawa kitanda. Akaonyesha gurudumu la mbele: likiachiwa linazunguka kila upande, likifungwa linakwenda mbele tu na halichezi kwenye kokoto. Nikamwomba afunge na kufungua tena. Na tena. Sikuwa na swali. Nilitaka kuona tu.

Nikaomba kukijaribu. Akasema karibu, hakujua anakaribisha nini. Nikapanga makopo ya maziwa ya unga kama koni za barabarani, nikapita katikati yake nikijipinda kama nyoka, safi kabisa. Kisha nikajaribu kuegesha kinyumenyume kati ya vitanda viwili. Nilitazama bega la kushoto, nikatazama la kulia. Nilichosahau ni kwamba kwenye kigari, bodi ya nyuma ni mimi mwenyewe. Nikaingia mgongo mzima kwenye mnara wa nepi. Ukashuka wote. Nepi haziumizi, lakini haziishi.

Muuzaji akaniuliza kwa upole kama mama wa mtoto asingependa kuja mwenyewe.

Nimekinunua. Kabla sijaondoka akakikunja kwa mkono mmoja, mwingine ukipokea simu. Nimeshangaa mpaka nimekaa chini, kwenye kiti cha wateja. Nyumbani nilitaka kumwonyesha mke wangu muujiza huo, na kweli kimekunjika, ila kimekunjika na ncha ya shati langu ndani. Chakula cha jioni nimekila nimeinama. Mke wangu amesema ndiyo mara ya kwanza ameona nikikiheshimu chakula chake.

Jumatano, 6 Machi

Upelelezi. Nikiwa kazini, mwanafunzi kashika usukani, nimemwelekeza apite mtaa wa Bwana Reli. Kisha apite tena. Mzunguko uliofuata akaniuliza kama tumepotea. Nikamwambia kurudia ndiko kujifunza.

Bwana Reli alikuwa uani. Naye amenunua. Cha magurudumu manne, madogo, meusi, kimenyooka kama sanduku. Ndani ameweka mto. Anausukuma mto huo kutoka ukutani mpaka kwenye uzio, polepole, anasimama, anageuza, anarudi. Hatazami kushoto wala kulia. Nikakaa nikimtazama. Nakiri hapa, na ni hapa tu: sijawahi kuona mtu anayekwenda sawasawa vile. Kama kikombe kingekuwa juu ya kichwa chake kisingemwagika.

Akatuona. Akatukaribisha chai. Nilitaka kukataa, lakini mwanafunzi alishazima gari. Ndiyo kitu pekee alichofanya vizuri leo.

Tukanywa. Bwana Reli ni mstaarabu, na hilo ndilo linaloniudhi. Nikamtupia lile la kona na hiari. Akacheka mpaka akashika meza, akamwita mkewe aje alisikie. Adui anayecheka vizuri ni mzigo. Kisha, kwa heshima zote, akaniuliza, "Lakini Mwalimu, hilo gurudumu moja la mbele likikosea, nani analirekebisha?"

Nikasema dereva. Akasema, "Aa." Basi. Ni "aa" moja tu, na mpaka sasa bado naisikia.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata jibu la ile "aa".

Gari langu la kufundishia lina breki mbili: ya mwanafunzi, na yangu upande wa abiria. Ndiyo maana niko hai. Mguu wangu wa kulia umezoea kiasi kwamba hukanyaga hata nikiwa kwenye kochi, runinga ikionyesha tu gari linapita. Zulia mbele ya kochi letu lina tundu, na mke wangu huwaambia wageni ni panya.

Sasa, kigari kina breki moja, ya anayesukuma. Je, anayesukuma akizubaa? Akiangalia simu? Akisalimiana? Breki ya pili! Ya mtu anayetembea pembeni na macho yake!

Nimekipeleka kwa fundi baiskeli. Nimemweleza nataka waya kutoka gurudumu la nyuma mpaka kwenye kishikio kidogo cha kubana mkononi. Akauliza nani atakishika. Nikasema mimi, natembea pembeni. Akauliza nani atakayesukuma. Nikasema mimi.

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, kwa muda mrefu kuliko ule uchafu ulivyohitaji. Kisha akakifunga. Kazi nzuri. Ukibana, gurudumu linasimama hapo hapo. Nimebana njia nzima ya kurudi nyumbani, kwa raha tu.

Jambo la msukumaji limebaki dogo. Nitamtumia mke wangu.

Jumamosi, 9 Machi

Mazoezi. Nimeweka ndani mfuko wa unga wenye uzito kama wa Mheshimiwa, nimeufunika shuka, nimeufunga mikanda. Mke wangu nyuma, mimi pembeni, kishikio mkononi. Gurudumu la mbele nimelifunga, tumeingia kwenye kokoto.

Ajabu! Kinapita juu ya kokoto kama kina siri nazo. Nimeinama nikatazama kwa chini: gurudumu linalipanda jiwe, linalishuka, na huko juu shuka haina habari. Mke wangu naye amenyamaza. Mke wangu hanyamazi ovyo.

Kisha mbwa akapita mbali kidogo, nikabana. Tukaendelea. Nikaona dimbwi, nikabana. Nikaona kitu cheusi kinakuja kwa kasi upande wangu, nikabana, kikasimama nacho. Kilikuwa kivuli changu. Kila nikibana, mpini unamgonga mke wangu tumboni.

Jirani mmoja akatusimamisha, akachungulia chini ya kifuniko ambako hakuna mwanga, akasema kwa hakika ya mtu mwema kwamba mtoto amefanana na mimi. Mke wangu akamjibu ndiyo, hasa kwenye fikra.

Nilimweleza mke wangu kwamba breki hiyo ni ya dharura tu. Akaniuliza katika zile zote dharura ilikuwa ipi. Nikasema zote. Akasema unga ule ungekuwa na mdomo ungeshalia mtaa ukajaa watu, na kwamba kesho yeye hasukumi, asukume mama mtoto mwenyewe. Akachukua mfuko wake akaenda nao jikoni.

Jumapili, 10 Machi

Siku imefika.

Tulikusanyika mbele ya nyumba ya binti yangu: yeye, mumewe, wake zetu wawili, Bwana Reli amevaa koti. Koti! Tukapiga kura kwa kijiti. Akaanza yeye.

Mheshimiwa akalazwa kwenye kile cha magurudumu manne. Bwana Reli akaweka mikono miwili kwenye mpini, akavuta pumzi, akaondoka. Hakuna aliyeona alivyoondoka. Mara tukaona tu kwamba wanakwenda. Hatujafika hata kwenye kokoto, kope za Mheshimiwa zilishashuka. Nikaanza kuziombea kokoto zifike haraka.

Ila kokoto ni kokoto. Vile vigurudumu vidogo vikaanza kutetemeka kama meno ya mtu mwenye homa. Mashavu ya mjukuu wangu yakacheza. Akavumilia. Kwenye kidaraja gurudumu moja la mbele likageuka ubavu, likazama kati ya mbao mbili, kigari kikakwama. Bwana Reli hakulazimisha. Alikiinua taratibu. Lakini Mheshimiwa alishafumbua macho, na alichokiona hakikumfurahisha, na alitaka watu wote wajue.

Bwana Reli akainama, akamwomba radhi. Akamwambia, kwa sauti ya kazini, kwamba safari imechelewa kwa sababu ya njia. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Sikufurahi vizuri.

Tukarudi. Mtoto akanyonya, akabadilishwa, akatulia. Zamu yangu.

Binti yangu akashika mpini. Mimi pembeni, kishikio mkononi. Nikamkumbusha atazame mbele, alegeze mabega, asibane magoti. Akaniambia, "Baba, natembea."

Kokoto. Nilizisikia zikisagika chini, lakini juu kule, shavu la Mheshimiwa lilitulia kama maziwa ndani ya bakuli. Alipiga miayo. Mdomo ule mdogo ulifunguka wote, ukafungwa, na mtu hayupo, amekwenda. Sijui anakwenda wapi. Mimi nikilala, nalala tu. Huyu alikuwa na safari. Vidole vyake vilifunguka kimoja kimoja. Wote tukaanza kutembea kwa ncha za viatu, hata mkwe wangu, ambaye huwa anatembea kama mtu anayebomoa. Kidaraja kikaja. Lile gurudumu moja la mbele likashika ubao wa katikati, likapita nao mpaka mwisho, na mtaro ukabaki nyuma yetu.

Tumevuka! Amelala! Geti letu naliona!

Halafu likaja jani.

Lilikuwa jani. Dogo, kavu. Lilidondoka mbele ya gurudumu, na mkono wangu haukuniuliza.

Kigari kikasimama kama kimeitwa. Mikanda ikamshika Mheshimiwa. Mpini ukamshika binti yangu. Macho yakafumbuka, makubwa, meusi, yakazunguka yakitafuta aliyefanya hivyo, yakanipata. Nikasubiri kilio. Nikafunga jicho moja.

Akacheka.

Hajawahi kucheka huyu. Alikuwa anatabasamu, usingizini hasa. Leo ametoa sauti. Ilianza kama mtu anayejaribu ufunguo mpya mlangoni, ikakwama kidogo, kisha mlango ukafunguka wote. Bwana Reli alivua kofia yake. Mke wangu alishika mkono wa mke wa Bwana Reli, na hao wawili huwa hata chumvi hawaazimani. Mimi nilisimama pale na kishikio mkononi, mtu mzima, naogopa kupumua nisije nikaiharibu hewa ambayo sauti ile imepitia.

Nikabana tena. Kikatingishika. Akacheka tena! Na tena. Sitaandika ni mara ngapi.

Mwishowe binti yangu akafuta macho, akatoa hukumu. "Baba, kigari ni chako. Hakuna mfano wake. Lakini asubuhi atasukuma babu mwenzako."

Nikasema alivuka kidaraja amelala, watu wote ni mashahidi. Nikataja jani lenyewe, mahali lilipodondokea, na hatari zake.

"Asubuhi anatakiwa alale, Baba. Ukiwa karibu, nani atalala? Wewe njoo alasiri. Hapo ndipo ninapotaka acheke."

Alasiri. Wanafunzi wangu wote wako alasiri.

Bwana Reli hakushangilia. Afadhali angeshangilia. Alinisogelea akaniuliza gurudumu la mbele linafungwaje. Nikamwonyesha. Akaomba nimwonyeshe tena, na nikamtazama usoni, nikaona hana swali. Alitaka kuona tu. Nikamwuliza kama nimng'olee ile waya. Akasema, "Iache, Mwalimu. Wa alasiri ataitaka."

Kisha akashika mpini wa kigari changu, kumrudisha mtoto kwao. Kabla hajafika kidarajani, kicheko chote kilishalala. Nimemtazama mpaka alipokata kona ya ukuta wa jirani. Aliikata vizuri, tena.

Jumatatu, 11 Machi

Tangu alfajiri nimepiga simu kuwarudisha wanafunzi asubuhi. Mmoja ameniuliza kama mimi ni mwalimu au hali ya hewa.

Nikaanza na aliyekubali kuja leo leo. Tumekaa garini, namweleza vioo. Kwa mbali nikaona kitu kinateleza kando ya barabara. Kofia ya Bwana Reli juu, magurudumu matatu chini, na katikati, najua, kope mbili zimefungwa. Kilipita kama wazo jema. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Mwanafunzi alikuwa bado hajawasha gari.

Nimefikiri sana leo, kwa utulivu, kama mtu aliyepata funzo. Kosa halikuwa breki. Breki imefanya kazi vizuri mno. Kosa halikuwa mimi. Wala Bwana Reli, ukweli usemwe. Kosa ni la hesabu: babu ni wawili, mtoto ni mmoja. Kilichopungua kinajulikana.

Mchana nimepita tena dukani. Muuzaji aliponiona alikwenda kusimama mbele ya nepi. Sikumjali, maana nilishakiona. Kigari cha watoto wawili! Viti viwili ubavu kwa ubavu, vifuniko viwili, na chini yake magurudumu matatu yaleyale, mapana zaidi, yamejaa upepo, yanangoja. Nikakigusa kwa kidole. Kikaondoka! Kwa kidole, na viti viwili juu yake! Nimekaa chini tena, kiti kilekile.

Muuzaji akanipa hongera, akauliza kama ni mapacha. Nikasema bado.

Nimempigia mkwe wangu kumwuliza, kama wanaume, wana mipango gani. Akasema bado yuko zamu. Nimempigia tena kumfafanulia kwamba si lazima iwe leo. Amezima simu. Vijana wa siku hizi hawapangi mambo yao mapema.

Kigari nimeomba kiwekwe kando. Muuzaji akauliza mpaka lini. Nikapiga hesabu ya haraka, nikaongeza na siku chache za tahadhari, nikamwambia tuseme miezi tisa.